Sifuri Kumi na Tisa

Shangazi yangu ni mpima hali ya hewa, na kwa miaka thelathini na moja amelaumiwa kwa kila tone lililolowesha nguo za majirani. Akipita asubuhi na daftari kwapani, hakosi mtu wa kumwita kutoka dirishani: "Mama Milimita, leo nianike au nisianike?" Akisema anika na mvua ikanyesha, jioni anasemwa. Akisema usianike na jua likawaka, anasemwa zaidi. Mume wake, seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari, huwaambia wateja kwamba yeye ameoa mwanamke anayevaa viatu vya kazi ili akachungulie kopo.

Kopo lenyewe ni kipimamvua. Liko katika ua mdogo wenye uzio wa waya, nyuma ya ofisi ya chumba kimoja. Nusu yake imechimbiwa ardhini, juu kuna faneli, ndani kuna chupa. Pembeni pana sanduku jeupe la mbao lenye vipimajoto, na mlingoti wenye mshale wa kuonyesha upepo. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe sikukuu, iwe ana homa, shangazi hufungua kopo, humimina maji ya chupa kwenye glasi nyembamba yenye mistari ya milimita, huinama mpaka jicho lisawazike na maji, kisha huandika. Halafu hutazama mawingu na kuyaandika pia. Tarakimu hizo huzituma makao makuu kwa simu. Ndiyo kazi.

Angeweza kuistaafu hivyo hivyo, kimya kimya, kama si mchana mmoja wa miaka miwili iliyopita. Siku hiyo aliliona wingu likipanda upande wa pili wa kilima tangu saa sita. Lilikuwa jeupe kama pamba mwanzoni, kisha likarefuka, kisha kichwa chake kikabapa kama meza na tumbo likawa jeusi. Aliliandika vizuri sana: aina, kimo, upande, saa. Upande huo huo wa kilima, wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa uwanjani. Mvua ilipoanza wakakimbilia chini ya mti, kama sisi sote tulivyozoea kukimbilia. Radi ikapiga. Hakufa mtu, lakini watoto wawili waliungua miguu, na msichana mmoja hasikii tena sikio la kushoto.

"Wingu nililiandika," aliniambia shangazi. "Nililiandika na kimo chake. Daftari likajua, watoto hawakujua."

Sitamung'unya maneno hapa. Nchi ngapi zinakusanya maarifa na kuyafungia kabatini, huku watoto wakiyahitaji uwanjani! Shangazi hakuandika makala wala hakupiga kelele. Alivuka kilima kwa miguu, kilomita nne, akamwambia mwalimu mkuu anataka saa moja kwa wiki na watoto wowote watakaokubali kutazama juu.

Walikubali kumi na wanne, wakawa klabu ya hali ya hewa. Aliwalaza chali kwenye majani nyuma ya madarasa, akawauliza wanaona nini.

"Mawingu, Bibi."

"Kwa kila mtu ni mawingu. Nyinyi nataka mseme ni yapi."

Wakajifunza mawingu ya manyoya, membamba, ya juu kabisa, yasiyo na mvua leo. Wakajifunza mawingu ya shuka, yanayotandika mbingu yote na kuleta manyunyu yasiyo na haraka. Wakajifunza mawingu ya pamba, ambayo ni ya amani mpaka yaanze kupanda. Aliwafundisha kwamba ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, hata jua likiwa linawaka, radi inaweza kukufikia. Ingia darasani, achana na mti, achana na nguzo za goli, kaa mbali na dirisha, usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Waliimba hesabu: mwanga ukionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita.

Aliyegawanya haraka kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake walimwita Mwanasheria, kwa sababu hakuna neno aliloliacha lipite bila kulihoji. "Bibi, wingu likiwa na mvua tani nyingi, mbona halidondoki lote?" Shangazi alirudi nyumbani akitabasamu siku za Mwanasheria.

Mwaka uliofuata makao makuu wakampa kipimamvua cha akiba, akakisimika shuleni. Ilikuwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Tarakimu za watoto zikiwa nzuri, shule itaandikishwa kuwa kituo kamili, na upande ule wa kilima utakuwa na jicho lake. Zikiwa mbaya, kopo linarudi stoo. Shangazi alitia saini kwamba anawadhamini. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Baada yake, kama si watoto, hakuna atakayepima mvua ya kule.

Majaribio yakaanza kiangazi. Kila asubuhi mwalimu mlezi wa klabu alimtumia shangazi tarakimu ya shule, naye akaiunganisha na ya kwake na kuzituma. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Siku kumi na tisa mfululizo. Siku ya ishirini shule ikaleta nne nukta mbili.

Shangazi alishangaa kidogo tu. Mvua huweza kunyesha upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine. Akaituma. Kesho yake, mbili kamili. Akakuna kichwa, akaituma. Siku ya tatu ilipokuja sita nukta tano, alifungua ukurasa wake wa mawingu: manyoya, manyoya, manyoya. Akavaa viatu, akavuka kilima.

Kuku wa mlinzi wa shule walikuwa wanaoga vumbi kando ya kipimamvua. Vumbi jepesi kama unga. Shangazi aliwatazama kuku kwa muda, kisha akaomba aitiwe klabu.

"Nani amepima leo?"

"Mimi, Bibi," alisema Mwanasheria.

"Mvua ilinyesha saa ngapi?"

"Usiku."

"Ikanyesha ndani ya kopo, kuku ikawaruka?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alitazama viatu vyake.

"Bibi, nikisema utaniandika?"

"Nitakuandika wapi? Mimi naandika mvua."

"Tulitia maji ya kunywa. Kikombe. Siku ya kwanza mimi, jana huyu, leo mimi tena." Kisha, kwa kuwa alikuwa Mwanasheria, akajitetea. "Lakini Bibi, tulikuwa na sifuri kumi na tisa! Mwalimu mkuu alitusema mstarini mbele ya shule nzima. Alisema klabu ya kandanda inaleta kikombe, klabu ya kwaya inaleta cheti, sisi tunaleta mayai. Mayai kumi na tisa. Darasa la sita sasa wakituona wanakokoreka kama kuku. Na wewe tarakimu zako unazipeleka kwa wakubwa. Tukaona watakufukuza."

Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi, na wengi hucheka hapo. Mimi sicheki. Tunawafundisha watoto tangu wana miaka sita kwamba sifuri ni aibu, kwamba anayeipata akae nyuma, kisha tunashangaa wakikua na kujaza madaftari ya umma kwa kikombe. Watoto wale hawakuwa waongo. Walikuwa wanafunzi bora wa somo tulilowafundisha wenyewe.

Shangazi aliketi kwenye ngazi ya darasa ili awe kimo chao.

"Hii si alama ya mtihani. Sifuri yako umeipata wapi? Umeamka, umefungua kopo, umechungulia, hakuna kitu, umesema hakuna kitu. Hiyo ni kazi uliyofanya. Kuna mtu mahali fulani anahesabu siku kavu ili ajue bwawa litakauka lini. Wewe ukimpa kikombe chako cha maji, atafikiri tunakunywa bado."

"Kwa hiyo sifuri ni jibu sahihi?"

"Kama hapakuwa na mvua, hakuna jibu jingine."

Mwanasheria alitafakari. "Basi tufute zile tatu."

"Hatufuti. Daftari halifutwi kwa raba. Unapiga mstari mmoja, ili cha chini kisomeke. Unaandika kilicho kweli juu yake, na jina lako pembeni."

"Ili kila mtu aone tulikosea?"

"Ili kila mtu aone mlirekebisha."

Walipiga mistari mitatu. Msichana aliandika jina lake pembeni mwa miwili. Shangazi akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akamweleza. Mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi, alivua miwani.

"Dada yangu, nilikuwa natania tu."

"Najua, mwalimu. Wao hawakutania."

"Nifanye nini?"

"Nipe kengele. Klabu wakisikia ngurumo, wapige kengele bila kuomba ruhusa kwa mtu."

Mwalimu mkuu alimtazama kama mtu aliyetarajia kutozwa faini akaombwa maji. Akakubali.

Jioni alipiga simu makao makuu. Aliyepokea alikuwa mkaguzi wa takwimu, ambaye shangazi alimjua kwa sauti tu: sauti kavu, ya mtu asiyependa mshangao.

"Mama," alisema baada ya kusikiliza yote, "tarakimu tatu hizo nani angezigundua?"

"Mimi nimeshazigundua."

"Unabakiza miezi saba."

"Saba na siku tatu."

"Sawa. Nimezifuta kwenye hesabu. Lakini majaribio yameharibika, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nikija huko mwisho wa mwezi, kipimamvua nitakichukua."

Alipokata simu, mume wake alikuwa mlangoni na randa mkononi. "Si ungenyamaza, mke wangu?"

"Ubao ukiukata mfupi, unamwambia mteja ni mrefu?"

"Inategemea mteja," alisema seremala, lakini alimsogezea kiti.

Shangazi aliwaambia watoto ukweli wote: kopo litachukuliwa mwisho wa mwezi. Hakukatisha masomo. Wao nao waliendelea kupima. Sifuri, sifuri, sifuri, kila moja imeandikwa kwa mwandiko mzuri kama jina la mtu.

Alhamisi ya wiki ya mwisho mbingu ilibadilika. Asubuhi pamba, mchana pamba zinapanda. Uwanjani darasa la sita na la saba walikuwa wanacheza, goli moja kwa moja, na hakuna aliyekuwa na habari na mbingu isipokuwa Mwanasheria, aliyekuwa zamu. Aliliona wingu moja likiyapita mengine, likipanda kama maziwa yanayochemka, kisha kichwa kikaanza kubapa. Alisubiri. Jua lilikuwa bado linachoma. Ngurumo ikaja, ndogo, kama mtu anasogeza meza nyumba ya tatu.

Akapiga kengele.

"We mtoto!" Mwalimu wa michezo alimjia mbio. "Dakika sita zimebaki! Unaona jua hilo?"

"Naliona, mwalimu. Nimesikia ngurumo pia."

"Ngurumo gani? Lori hilo!"

"Lori halipiti juu, mwalimu." Na akaendelea kupiga.

Waliingia wakinung'unika, darasa la sita wakikokoreka. Mwalimu mkuu alisimama barazani na kuhesabu wanaoingia. Mwalimu wa michezo aliingia wa mwisho, na mpira. Dakika kumi na mbili baadaye upepo ulikuja na vumbi lote la uwanja, ukang'oa mabati mawili ya banda la baiskeli, kisha mvua ya mawe ikaanza kupiga paa kwa kishindo ambacho hata kupiga kelele hakukusaidia. Mwanga ukaja. Watoto wa klabu, kila mmoja darasani kwake, wakahesabu kwa sauti. Tisa. Sita. Tatu. Safari moja hawakufika hata moja, na madarasa yote yakanyamaza. Wadogo walilia. Wakubwa wakawaweka katikati, mbali na madirisha. Kisha wakahesabu tena: nne, nane, kumi na tano. Walikaa ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, na safari hii hakuna aliyenung'unika. Uwanjani nguzo moja ya goli ilikuwa imelala.

Asubuhi, saa tatu, mwalimu mlezi alimtumia shangazi tarakimu: sabini na moja nukta nane.

Shangazi alikuwa ameshapima yake. Kumi na moja nukta tatu.

Mwenyewe anakiri kwamba moyo wake ulisita. Miaka thelathini na moja, hajawahi kuandika sabini kwa siku moja. Na siku hiyo hiyo, Ijumaa, ndiyo mkaguzi alikuwa anakuja. Alivuka kilima kwenye tope. Njiani aliona vibanzi vya miti, mfereji uliojichimba upya, mawe yaliyosombwa hadi barabarani, na kila hatua moyo wake ulitulia. Lakini yeye alikuwa anatembea. Mkaguzi alikuja na gari kutoka upande wa pili, ambako hata vumbi halikulala.

Shangazi alimkuta amesimama kando ya kipimamvua, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Daftari la shule lilikuwa mkononi mwake.

"Mwezi huu huu vikombe vya maji," alisema, "na leo sabini na moja. Mama, jiweke kwenye nafasi yangu."

"Mimi nilishajiweka," alisema shangazi. "Muulize aliyepima."

Mwanasheria alijitokeza. Sketi yake ilikuwa na tope hadi kiunoni.

"Glasi inaishia kumi," mkaguzi alisema. "Ulipataje sabini na moja?"

"Nilijaza mara saba. Ya nane ikawa moja nukta nane. Chupa ilikuwa imefurika, mengine yalikuwa kwenye kopo la nje. Mwenzangu alichora vijiti ili tusisahau."

"Hukukosea?"

"Kuhesabu sikukosea. Ila nilimwaga."

"Ulimwaga?"

"Mara ya tano, glasi iliteleza. Kidogo, kama kizibo cha soda. Nimeandika hapo pembeni."

Mkaguzi alisogeza daftari karibu na macho. Palikuwa na maandishi madogo: *Yamemwagika kidogo mara ya 5. Kweli ni zaidi.* Alisoma mara mbili. Kisha akafungua kurasa za nyuma, akafika kwenye mistari mitatu, akaziangalia tarakimu zilizo chini yake, ambazo zilisomeka vizuri.

"Miaka ishirini na sita nasoma madaftari ya watu wazima," alisema, kwa sauti ile ile kavu. "Wote hawajawahi kumwaga hata tone." Akafunga daftari. "Kopo litabaki. Majaribio yanaanza upya leo, siku ya kwanza. Na hii sabini na moja naipeleka, lakini na alama ya kuuliza."

Shangazi aliniambia alitaka kumkumbatia mtu yule, ila alionekana kama angevunjika.

Mwanasheria ndiye hakuridhika. "Alama ya kuuliza ya nini, na ni kweli?"

"Mwanangu," shangazi alisema, "mwezi huu tulisema uongo mara tatu. Alama hiyo ni haki yake."

"Inatoka lini?"

"Haitoki kirahisi," alisema mkaguzi. "Labda kama kuna mwingine karibu aliyepima akapata kama wewe. Hayupo."

Msichana alitafuna kona ya kola yake. Kisha akawageukia wenzake, wakanong'ona, na wote wakatimka nje ya geti. Mkaguzi alitazama saa. Shangazi alimwambia, kwa upole, kwamba barabara bado ina tope, asubiri kidogo. Mwalimu mkuu akaleta chai.

Hawakumaliza kikombe. Watoto walirudi wakimvuta fundi mwashi kutoka nyumba inayojengwa jirani, naye amekumbatia kopo la rangi la lita nne, anatembea kama amebeba mtoto mchanga asiyetakiwa kuamka.

"Wamenikataza kumwaga," alilalamika. "Kopo langu mwenyewe!"

"Mwambie ulivyotuambia," alisema Mwanasheria.

"Nililiosha jana mchana, nikaliacha juu ya tofali likauke. Lilikuwa tupu kabisa. Pale hakuna paa wala mti. Ni hivyo tu, mzee, sina lingine."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Alilichunguza kopo: kuta zimesimama wima, mdomo sawa na kitako. Akaomba rula. Rula kumi na nne zilimjia kwa pamoja. Alichagua moja, akaizamisha, akainama mpaka jicho likasawazika na maji, akakaa hivyo muda mrefu.

"Sentimita saba na nusu, kasoro kidogo. Ni milimita sabini na tatu, sabini na nne," alisema.

Hakuifuta alama ya kuuliza. Alitoa kalamu ya pili, akaandika mbele yake, polepole: *Tazama kopo la fundi, umbali wa hatua mia mbili.* Watoto waliyasoma maneno hayo kwa pamoja, kwa sauti, na fundi akajikuta anatabasamu bila kujua sababu.

"Sasa na yeye atie saini," alisema Mwanasheria.

"Mimi?" Fundi alirudi nyuma. "Kwa maji ya mvua?"

"Wewe ndiye shahidi."

Fundi alimtazama shangazi, shangazi akatazama mbingu. Basi akaufuta mkono kwenye suruali, pande zote mbili, akaipokea kalamu.